Kutua Katika Hotuba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya watu wanaojiandaa kusema mbele za wenzao: wanafunzi wa mahafali, washereheshaji, wahubiri, wasomaji wa risala, viongozi wa vikundi, na wale walioambiwa jioni kwamba kesho asubuhi watatoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Wengi huja wakiuliza kuhusu sauti na mikono. Ukiwasikiliza dakika mbili unagundua kuwa sauti wanayo na mikono haina tatizo. Wanachokosa ni kutua.

Kutua ni nini hasa? Si kunyamaza tu?

Kutua ni kunyamaza kwa makusudi, mahali ulipopachagua mwenyewe, huku wasikilizaji bado umewashika. Aliyenyamaza kwa kuishiwa maneno anajulikana: macho yanapanda darini, mkono unapapasa karatasi, koo linasafishwa bila kikohozi. Aliyetua, macho yake yako kwa watu.

Kabla ya mengine yote, naomba ushike hili: kituo, yaani huko kutua kwako, ni zamu ya msikilizaji. Unaposema, yeye anapokea. Ukitua ndipo anapofanya kazi yake. Analinganisha ulichosema na anachokijua, anakubali, anabisha moyoni, anamkumbuka mtu fulani, anacheka. Usipompa zamu hiyo ataichukua kwa nguvu. Atakuacha unaendelea kusema ili yeye amalizie kuliwaza jambo lako la kwanza, na la pili na la tatu yatampita. Karibu kila jibu hapa chini linatokana na hilo.

Mbona sekunde mbili jukwaani naziona kama dakika nzima?

Kwa sababu masikio yako yamezoea maongezi ya kawaida. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali, kikiwamo Kijapani, Kidenishi na lugha moja ya jamii ya wawindaji wa kaskazini mwa Namibia. Walikuta kwamba kati ya swali na jibu lake watu huacha, kwa wastani, kama sehemu ya tano ya sekunde tu. Hata Wadenishi, waliochelewa kujibu kuliko wote, wastani wao haukufika nusu sekunde.

Kwa hiyo barazani au mezani, sekunde mbili za kimya huwa na maana yake: mtu amekasirika, hajaelewa, au hataki kujibu. Unapopanda jukwaani unakwenda na kipimo hichohicho, ingawa pale hakuna anayengojewa ajibu. Ongeza na woga, ambao hupandisha mapigo ya moyo na kufupisha pumzi, na muda unaanza kukudanganya kabisa.

Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza siku inayofuata. Vituo ulivyoviona virefu mno utavikuta vifupi, na vingine hutavisikia kabisa.

Basi nitue kwa muda gani?

Vipimo ninavyofundisha ni vya kazi, si sheria. Kati ya vifungu vya sentensi moja, nusu sekunde hadi sekunde moja. Mwisho wa wazo, pumzi moja kamili, kuvuta na kutoa, ambayo huwa kama sekunde mbili au tatu. Baada ya jambo zito, sekunde nne au tano.

Lakini usisimame pale ukihesabu kichwani, watu wataona unahesabu. Uzito wa jambo ndio unaoamua. Ukisema "Maji yatafika kijijini mwezi ujao", watu wanahitaji muda wa kuamini. Ukisema "Sasa tutazungumzia bajeti", hawahitaji chochote zaidi ya kukaa vizuri.

Nitue wapi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nitakaa kidogo.

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameshaingia Kagera, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Maneno yanayokumbukwa kuliko yote siku ile ni matatu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Yasome kwa sauti bila kutua popote. Umesikia orodha. Sasa yasome ukitua baada ya kila "tunao" na "tunayo". Kila moja limegeuka tamko linalosimama peke yake, na kwenye kila kituo anayesikiliza anajibu moyoni, naam, uwezo tunao. Anapofika kwenye nia ameshakubali mara mbili. Ona pia kwamba vifungu vyote vitatu vimejengwa kwa mtindo mmoja. Sentensi ya namna hiyo inajionyesha yenyewe pa kutulia, na ndiyo maana nawashauri wanaoandika hotuba waandike sentensi fupi zinazolingana pale penye jambo kubwa, badala ya kuandika sentensi ya mistari sita halafu wakahangaika kutafuta pa kuvutia pumzi.

Kwa hiyo mahali pa kwanza ni baada ya jambo zito. Mahali pa pili ni kabla yake. Ukitua kabla ya neno, watu wanalisogelea. Tumia hiki kwa uchache. Nimesikia washereheshaji wanaotua kabla ya kila jina la mgeni, na ikifika meza ya nne hakuna anayetazama tena.

Mahali pa tatu ni baada ya swali. Ukiuliza "Ni nani hapa amewahi kukosa dawa hospitalini?" halafu ukaendelea palepale, umewaonyesha watu kwamba hukuwa unauliza. Tua. Waangalie. Acha mikono miwili mitatu inyooke, hata kama hukuomba mikono.

Mahali pa nne ni kwenye hesabu, na hapa watunza hazina wa vikundi wanisikilize. "Shilingi milioni arobaini na mbili laki sita na elfu hamsini" ikisomwa kwa pumzi moja haibaki kichwani kwa mtu. Isome hivi: milioni arobaini na mbili, tua, laki sita, tua, na elfu hamsini. Kisha tua zaidi, kwa sababu kila mwanachama anagawanya ile hesabu kichwani ajue fungu lake.

Mahali pa tano ni unapohama kutoka jambo moja kwenda jingine. Geuza karatasi, kunywa maji, sogea hatua moja. Watu wanaelewa kwamba mlango umefungwa na mwingine unafunguliwa.

Je, kutua pasipofaa kunaweza kuharibu maana?

Kabisa. "Baba Juma amefika" ni habari ya mzazi wa Juma. "Baba, Juma amefika" ni mtoto anamwarifu baba yake. Kwenye karatasi kuna alama ya mkato. Mdomoni kuna kituo tu. Vivyo hivyo "Mwalimu alisema mwanafunzi ni mvivu" na "Mwalimu, alisema mwanafunzi, ni mvivu". Mvivu amebadilika, na hakuna neno lililoongezwa.

Waliosoma madrasa wanalijua hili tangu utotoni. Msahafu una alama ndogo juu ya mstari zinazoonyesha pa kusimama kwa lazima, pa hiari, na pasiporuhusiwa. Zaidi ya hapo, katika kisomo cha Hafs, mojawapo ya namna za kuisoma Kurani na ndicho kilichoenea kwetu, kuna mahali panne pa sakta, ambapo sauti hukatwa kidogo bila kuvuta pumzi. Mahali pamojawapo ni katika sura ya Yasin, aya ya 52. Waliofufuliwa wanauliza ni nani aliyewaamsha kutoka malaloni mwao, "min marqadina". Papo hapo yanafuata maneno yanayoanza na "hadha", haya ndiyo aliyoyaahidi Mwingi wa Rehema. Sakta inazuia "hadha" isishikamane na swali lililotangulia. Kituo cha chini ya sekunde moja kinalinda maana ya aya nzima. Sijui mfano mzuri zaidi wa kumwonyesha mtu kwamba kutua ni sehemu ya maneno.

Kwa hotuba za kawaida, kanuni ni nyepesi: usitenganishe vinavyotegemeana. Usitue kati ya "mwenyekiti" na "wa kijiji", wala kati ya "hatuta" na "kubali", ambayo hutokea zaidi unavyodhani pale mtu anapoishiwa pumzi katikati ya neno refu.

Nianzeje? Nikipewa tu kipaza sauti huwa najikuta nimeshaanza.

Pokea maiki. Simama sawasawa, miguu yote miwili chini. Tazama watu walioko nyuma kabisa. Vuta pumzi. Ndipo useme.

Salamu nazo zina haki yake. Kijana akisema "Shikamooni wazazi wetu", basi asubiri "Marahaba". Kila wiki unaona mtu anatoa shikamoo na kuendelea na sentensi ya pili juu ya itikio la wazee. Hilo si kosa la ufundi tu, ni kukosa adabu, na wazee wanalisikia hivyo. Ni vilevile kwa "Asalaam aleikum" na "Bwana Yesu asifiwe": ukisalimu, ngoja uitikiwe.

Baada ya itifaki, tua kuliko ulivyotua kwenye salamu. Orodha ya vyeo huwalaza watu, hata ile iliyofupishwa kwa "itifaki imezingatiwa". Kituo cha pumzi nzima baada yake kinawaambia kwamba sasa hotuba yenyewe inaanza.

Nikinyamaza, watu hawatadhani nimesahau?

Watadhani hivyo endapo macho yatakimbia. Tua huku ukimtazama mtu mmoja, si umati. Mdomo ufungwe. Mikono itulie ilipo. Mwili ukitulia, hakuna atakayewaza kwamba umesahau; watadhani unajua unachofanya, na watakuwa sahihi.

Na nikisahau kweli?

Fanya hayohayo. Funga mdomo, vuta pumzi, tazama karatasi bila haraka, isome sentensi kimya, inua macho, useme. Kwa aliyekaa chini, yote hayo yanaonekana kama kituo. Usiombe radhi, radhi ndiyo inayotangaza.

Nitaachaje kusema "eee", "yaani", "kwa hiyo", "nanii"?

Hutaacha kwa kujikataza. Sauti hizo zina kazi yake: katika maongezi zinamwambia mwenzako usinikatize, bado nina neno. Jukwaani hakuna anayekuja kukukatiza, kwa hiyo kazi imeisha ila mazoea yamebaki.

Linalosaidia ni kubadilisha mwisho wa sentensi. Sentensi inapoisha, funga midomo ikutane kabisa. Ukiwa umefunga midomo, "eee" haina pa kutokea. Vuta pumzi kwa pua, kisha anza. Fanya hivyo ukisoma gazeti kwa sauti dakika kumi kila siku, na umwambie mtu wa nyumbani agonge meza kila anapokusikia unaleta "yaani". Watoto wanaipenda kazi hiyo na hawakosei. Wala usitafute usafi wa asilimia mia. "Yaani" moja mahali pake ni Kiswahili. "Yaani" kila baada ya neno la tatu ni woga.

Watu wakipiga makofi au wakicheka, nifanyeje?

Nyamaza. Makofi ni zamu yao, wameidai wenyewe. Yaache yapande, yaanze kushuka, na uingie yakiwa yanaelekea kuisha, kabla ukumbi haujapoa. Ukisema juu ya kicheko, mambo mawili yanatokea: sentensi inapotea, na watu wanajifunza kwamba wakicheka watakosa kitu, hivyo safari ijayo hawacheki. Vigelegele huwa virefu kuliko makofi; vipe nafasi.

Kuna kitu katika mila zetu kinachofundisha kutua?

Kipo tele, tatizo ni kwamba tunakiacha nyumbani tukipewa maiki. Chukua kitendawili. Anayetega anasema "Kitendawili!", kisha anangoja. "Tega!" Anatega, halafu ananyamaza tena watu wahangaike, mpaka washindwe na waambiwe watoe mji. Mchezo mzima umejengwa juu ya kungoja. Mtoto wa miaka saba anajua kwamba akitoa jibu mapema ameua kitendawili. Hadithi nazo ni hivyo: "Paukwa!" haiendi popote mpaka "Pakawa!" irudi.

Mashairi pia. Mshororo wa mizani (silabi) 16 una ukwapi, nusu ya kwanza, wa mizani 8 na utao, nusu ya pili, wa mizani 8, na kina cha kati ndicho kinachokuambia tua hapa. Huu hapa wa kufanyia mazoezi:

Hotuba isiyotua, masikioni hupita.

Msikilizaji wa Kiswahili ana sikio lililozoeshwa mapigo hayo, hata kama hajawahi kutunga beti moja. Mtumie.

Ninazungumza kupitia mkalimani. Nitue vipi?

Katika mikutano ya injili na semina za mashirika hili ni la kila siku. Mpe mkalimani wazo zima, si nusu ya sentensi. Kwa Kiswahili kitenzi kimebeba mtendaji, wakati na kukanusha, kwa hiyo ukikata kabla ya kitenzi umempa mkalimani mtu asiyefanya chochote. Ukikata baada ya aya nzima, atasahau nusu. Sentensi moja au mbili fupi zinatosha. Wakati anafasiri, usiangalie simu wala karatasi. Watazame watu, kwa sababu wao wanakutazama wewe. Na akimaliza, acha pumzi moja kwa wale wanaosikia lugha yake, kwani zamu yao ndiyo kwanza imeanza.

Uwanjani, penye spika nyingi, kuna tofauti?

Kubwa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 170 kutoka kwenye spika anakusikia nusu sekunde baada ya wewe kusema, na kama kuna spika nyingine karibu naye anaweza kukusikia mara mbili. Kwenye uwanja kama wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi 60,000, maneno ya haraka yanarundikana. Fupisha sentensi, na kila kituo kiongeze kidogo mwangwi uishe. Jipime kwa watu wa mbali: wakicheka baada ya wale wa mbele, ngojea kicheko chao.

Na redioni, au kwenye mikutano ya mtandaoni?

Punguza. Redioni msikilizaji hakuoni, na baada ya sekunde tatu nne za kimya atagusa kitufe akidhani mitambo imezimika. Kwenye mkutano wa mtandaoni watasema umekatika. Huko kituo cha pumzi moja kinatosha, na ukitaka kirefu zaidi kitangulize kwa maneno: "Naomba mlifikirie hili kidogo."

Machozi yakinijia je? Nimeombwa niseme msibani.

Tua, na usijilaumu. Tarehe 12 Januari 2011, Rais Barack Obama alihutubia Tucson, Arizona, kuwakumbuka watu sita waliouawa kwa risasi, akiwamo mtoto wa miaka tisa, Christina-Taylor Green. Alipomtaja mtoto huyo na kusema anataka demokrasia ya nchi yao iwe nzuri kama mtoto yule alivyoiwazia, alinyamaza kwa sekunde 51. Alivuta pumzi, akatazama pembeni, akajikusanya, akaendelea. Hakuomba radhi, na kimya kile kilizungumzwa zaidi ya maneno mengi ya siku ile.

Msibani kwetu watu watakusaidia. Utasikia "pole", "jikaze", "Mungu akutie nguvu". Zipokee. Weka mkono mahali pagumu, meza au kiti. Toa pumzi kwanza kabla ya kuivuta, kwa sababu anayelia ameshajaza kifua na hana pa kuongeza. Kisha anza na sentensi fupi kabisa uliyoiandika tayari, hata kama ni "Mama alikuwa mkarimu."

Kimya kirefu sana, cha dakika, kinafaa lini?

Mara chache. Tarehe 24 Machi 2018, jijini Washington, mwanafunzi X González, wakati huo akijulikana kama Emma, alitaja majina ya watu 17 waliouawa shuleni kwao Parkland, Florida, kisha akasimama kimya mbele ya umati hadi zilipotimia dakika 6 na sekunde 20 tangu alipopanda. Ndio muda uliotumika kuua. Kimya kile kilikuwa na sababu inayopimika kwa saa, na alipoitaja watu walielewa wote kwa pamoja. Kama huna sababu ya uzito huo, usijaribu.

Nawekaje alama kwenye karatasi yangu?

Mimi hutumia mkwaju mmoja kwa kituo kifupi na miwili kwa kirefu, kwa kalamu nyekundu. Hiki ni kipande cha risala ya wazazi kwenye mahafali:

Miaka minne iliyopita / tuliwaleta hapa watoto. // Walikuwa wanalia. / Na sisi tulilia, / ila tulisubiri tufike kwenye basi. // Leo / tunawachukua / watu wazima.

Mikwaju miwili baada ya "watoto" inampa kila mzazi nafasi ya kumkumbuka wake. Baada ya "basi" watacheka, hapo ngoja. Kituo kati ya "tunawachukua" na "watu wazima" ndicho pekee kinachotangulia neno zito, na kwa kuwa ni kimoja, kitafanya kazi. Ukichapa, andika kila kifungu kwenye mstari wake na utumie herufi kubwa, ili jicho lisilazimike kutafuta.

Nimepewa dakika tano tu. Nitapata wapi muda wa kutua?

Kwenye maneno. Isome hotuba yako na vituo vyote kwa saa ya simu. Ikifika dakika saba, usiongeze mwendo. Toa aya nzima. Mara nyingi inayoweza kutoka ni ile ya pili, ambamo unaeleza jinsi ulivyofurahi kupewa nafasi hii, na zile shukrani ambazo mshereheshaji ameshazitoa kabla yako. Kisha isome tena na saa, maana watu hukata maneno ya sekunde ishirini wakidhani wamekata dakika mbili.